Mbuzi Mia Mbili kwa Lita

Injini ilianza kusaga chuma kwa chuma walipokuwa wameshaiacha Sori mbali nyuma, milima ya Gwassi ikiwa upande wa kulia na Mfangano bado ni kivuli tu mbele yao. Jacktone aliinamisha kichwa, akasikiliza. Akapunguza mwendo. Moshi mzito ulitoka, ukafuatwa na kishindo kimoja, kisha boti likabaki likielea kimya. Alishika kamba ya kuwashia, akavuta. Kamba haikusogea hata kidogo.

"Imeshikana," alisema.

Nashon, msaidizi wake tangu walipoanza kuvua pamoja, alikuja nyuma akiruka juu ya magunia ya mahindi. Akagusa kichwa cha injini, akauondoa mkono upesi.

"Omera, ndugu yangu, oili uliweka?"

"Vizibo ishirini, kama kawaida."

"Vizibo vya duka gani?"

Jacktone alilitazama jerikeni la petroli. Pale kwao Mfangano, oili ya injini haiuzwi kwa lita. Nani ana pesa za lita? Mwenye duka hufungua chupa kubwa, akakupimia kwa kizibo chake, na kila mvuvi anajua kwamba jerikeni moja la petroli la lita ishirini hula vizibo ishirini. Hakuna aliyewahi kuuliza kizibo kinabeba nini. Jana yake, katika duka la Sori, Jacktone aliomba vizibo ishirini, akapewa ishirini. Aliona kwamba kile kizibo kilikuwa chembamba. Akajiambia kizibo ni kizibo, akatia mfukoni chenji yake na kuondoka. Sasa injini ilikuwa imekufa, na upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu ulikuwa unawasukuma polepole kuelekea katikati ya ziwa.

Mbele kabisa, akiwa amewapa mgongo, aliketi mama mkwe wake.

Mama Kezia alikuwa Mkuria wa upande wa Ogwedhi, kule ambako Wajaluo, Wakuria na Wamaasai hukutana mnadani na ng'ombe zao. Binti yake, Caren, ndiye mke wa Jacktone, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike aliyeitwa Emmaculate. Kezia alikuwa ameacha mbuzi zake na kushuka hadi ziwani kumwona mjukuu. Hakuwa amewahi kupanda boti maishani. Jacktone hakujua Kikuria, naye Kezia hakujua Kijaluo, kwa hiyo kidogo walichoambiana walikiambiana kwa Kiswahili. Na kilikuwa kidogo kweli. Mtu na mama mkwe wake hawaketi karibu, hawatazamani usoni, wala hawali pamoja. Usiku waliolala Sori, Kezia alikula samaki na ugali kwenye kibanda kando ya soko, na Nashon, ambaye hakuwa mkwe wa mtu, ndiye aliyekula naye ili mgeni asile peke yake. Jacktone alikunywa chai na mkate ndani ya boti.

"Baba Emmaculate," Kezia aliita bila kugeuka. "Mbona kimya?"

"Injini imekufa, Mama."

"Tutafika leo?"

"Tutafika."

Aliongopa, na alijua anaongopa. Walikuwa na makasia mawili. Walipiga kasia hadi viganja vikachubuka, lakini boti lilikuwa zito na upepo haukuwa na huruma. Mfangano ilisogea upande, ikawa ndogo, ikafifia. Simu ya Nashon haikupata mtandao, ya Jacktone iliishiwa na chaji. Jua lilipopanda, Kezia alimwomba Nashon kwa sauti ya chini amshikie shuka, akajifunika kwenye ukingo wa boti. Baada ya muda akaomba tena, kisha tena. Jacktone alitazama upande mwingine, kama heshima inavyotaka, na akadhani ni kichefuchefu cha mgeni wa maji.

Alasiri mawingu yalijikusanya upande wa kusini. Wavuvi wanajua mawingu ya aina hiyo, na hakuna anayetaka kuwa nje yakifika. Upepo uligeuka ghafla, ziwa likawa jeusi, na mawimbi yakaanza kuingia ndani ya boti. Nashon alichota maji kwa kasuku, ule mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia, akimwaga nje bila kupumzika. Jacktone alimvisha Kezia jaketi la kuokolea, la pekee walilokuwa nalo, akifunga mikanda huku amefumba macho. Magunia ya mahindi yalitupwa majini moja baada ya jingine. Mvua ikashuka. Hawakuona kitu hadi waliposikia mawimbi yakipasuka mahali fulani mbele yao.

"Jiwe!" Nashon alipiga kelele.

Boti liligonga, likainuka, likagonga tena. Mbao za chini zilipasuka. Nashon aliruka akiwa na kamba, akateleza, akasimama. Jacktone alimsukuma mama mkwe wake kutoka nyuma, mikono yake miwili mgongoni mwake, bila kufikiri. Walijikokota juu ya mwamba wakiwa watatu, na nyuma yao boti likavunjika na kuchukuliwa vipande vipande, injini ikazama na ubaya wake.

*

Lilikuwa jiwe tupu. Hakuna mti, hakuna nyasi ya maana, ila mavi meupe ya ndege na minandi, wale ndege weusi wenye shingo ndefu, waliosimama wametandaza mabawa yao na kuwatazama. Wavuvi hulipita jiwe hilo kwa mbali, kwa sababu chini yake nyavu hukatika. Mali waliyookoa ilikuwa hii: jerikeni tupu, kasuku, karatasi pana ya nailoni iliyofunika magunia, kamba, jaketi la kuokolea, shuka la Kezia, na mfuko wake ambao alikuwa ameuvaa mabegani muda wote. Simu zote mbili zilikuwa zimelowa, zimekufa.

Nashon, aliyekuwa na akili ya haraka, aliitandika nailoni kwenye bonde dogo la mwamba mvua ikiwa bado inanyesha, akaizungushia mawe. Maji yakakusanyika katikati. Maji ya ziwa yalikuwapo pande zote, lakini yale ya karibu na jiwe yalikuwa ya kijani na yananuka ndege.

"Haya ndiyo ya kunywa," alisema. "Yale mengine yatatuua."

Kezia alikuwa amejificha nyuma ya mwamba. Alirudi akitambaa. Akaenda tena. Safari iliyofuata hakurudi, na ni Nashon aliyeenda kumtazama. Alikaa huko kidogo, akaja na uso uliobadilika.

"Jack, huyu mama anahara maji matupu. Ameanza jana usiku kule Sori. Asubuhi alienda kwa duka la dawa akapewa hii." Alimpa pakiti mbili ndogo za unga wa chumvi na sukari, zile wanazopewa watoto wa kuhara. "Anasema hangeweza kukwambia wewe. Wewe ni mkwe."

Jacktone aliona hasira ikimpanda, kisha aibu juu ya hasira. Mwanamke alikuwa anakaukia ndani ya boti lake mchana kutwa, na heshima ndiyo iliyomfunga mdomo. Kama angejua asubuhi, wasingeondoka Sori. Lakini angejuaje, naye alikuwa anatazama upande mwingine?

Pakiti iliandikwa: changanya na lita moja ya maji safi. Ndani ya mfuko wa Kezia kulikuwa na chupa ya soda ya kioo, tupu. Jacktone aliitazama. Alijua si lita, lakini alikuwa na haraka, na alijiambia kwamba dawa kali ndiyo dawa, maji mengi yataipunguza nguvu tu. Akamimina pakiti nzima ndani ya chupa ile, akajaza maji ya mvua, akatikisa, akampa Nashon apeleke.

Kezia alikunywa yote kwa pupa. Haikupita muda akayatapika, na yaliyobaki tumboni yalimfanya aharishe zaidi. Usiku huo wote walimsikia akiomba maji nyuma ya mwamba, na kila alipopewa aliyatapika.

*

Kulipokucha ziwa lilikuwa limetulia, na Mfangano ilionekana mashariki, ya bluu, ndogo, lakini ipo. Nashon alikaa akiitazama akiwa amejikunja, mikono tumboni.

"Upepo wa mchana utaanza kuvuma kwenda nchi kavu," alisema. "Nikivaa jaketi na kushika jerikeni, utanipeleka. Huku hakuna mtu anapita."

"Ni mbali, Nashon."

"Najua ni mbali. Na yule mama akae hapa mpaka lini?"

"Tumbo linakuuma?"

"Linanisokota kidogo. Ni njaa." Alicheka kidogo. "Wewe na mkate wako wa Sori. Mimi nilikula samaki, ndio maana nina nguvu."

Jacktone alidhani ni hofu. Alimfunga kamba ya jerikeni kiunoni, akavuta mikanda ya jaketi mpaka ikakaza. Walishikana mikono. Nashon aliingia majini taratibu, kama mtu anayeogopa kulowesha nguo, kisha akaanza kupiga miguu. Jacktone alimtazama hadi ile rangi ya njano ya jerikeni ikawa nukta, na nukta ikapotea.

Akabaki na mama mkwe wake, ndege, na pakiti moja.

Alienda hadi kwenye mwamba, akasimama upande wa pili.

"Mama."

"Usije huku." Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Usije, Baba Emmaculate. Niko vibaya. Nguo zangu ziko vibaya."

"Nashon ameenda kuita watu. Tumebaki wawili."

"Basi niache. Nitakufa vizuri."

Jacktone aliketi chini. Kwao Wajaluo kuna jambo linaitwa chira, balaa linalomkausha mtu aliyevunja miiko mpaka ngozi ishikane na mfupa, na kati ya miiko yote, ule wa mama mkwe haufanyiwi mchezo. Kwao Wakuria, alijua, mambo yalikuwa makali vilevile. Alikuwa anaogopa kweli, na hakuna haja ya kumficha msomaji. Aliogopa kuuzunguka ule mwamba kuliko alivyoogopa mawimbi. Lakini aliogopa pia kufika nyumbani na kumwambia Caren kwamba mama yake alikufa hatua chache kutoka pale alipokuwa ameketi, kwa sababu ya adabu.

"Mama, mimi nitaangalia ziwa," alisema. "Utaona mkono wangu tu. Macho yatakuwa kwa ziwa."

Akageuza uso kwenye maji.

"Emmaculate anafanana na nani?" Kezia aliuliza.

"Na wewe. Paji la uso ni lako."

Alimsikia akilia bila machozi, kwa maana machozi yalikuwa yameisha mwilini. "Njoo," alisema. "Angalia ziwa."

Alienda kinyumenyume. Alivua shati lake, akalilowesha ziwani, akamsafisha kwa kupapasa, akiwa amegeuza uso mpaka shingo ikamuuma. Alimvua leso iliyochafuka, akamfunika kwa shuka lake la Kikuria ambalo lilikuwa limekauka juani. Ngozi ya mkono wake, alipoigusa, ilibaki imekunjika pale vidole vilipoiacha. Macho, alipoyatazama kwa kuibia, yalikuwa yameingia ndani. Alijua maana yake. Alikuwa ameshaona watoto wa ufuoni wakifa hivyo.

Alichukua pakiti ya mwisho na chupa ya soda.

"Unafanya nini?" Kezia aliuliza.

"Nachanganya dawa."

"Kama ile ya jana?"

"Ndiyo, Mama."

"Ile ilikuwa chumvi tupu. Ilinikausha. Ulipima?"

"Nilikadiria."

Hata akiwa katika hali ile, mama yule alipata nguvu ya kukasirika. "Mbuzi yangu hata moja sikadirii. Mbuzi! Na wewe unakadiria mama ya bibi yako. Soma hiyo chupa. Iko na namba."

Jacktone aliigeuza juani. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi yaliyochakaa: mili mia tatu.

"Mia tatu," alisema. "Mili mia tatu."

"Na lita ni mili ngapi?"

Hapo Jacktone alikwama. Maisha yake yote alikuwa mtu wa lita. Petroli ni lita, jerikeni ni lita ishirini, na kilicho chini ya lita ni kizibo. Mili zilikuwa mambo ya hospitali. Shilingi ina senti mia, alifikiri, na mita ina sentimita mia, basi huenda lita nayo ina mili mia. Lakini ikiwa ni mia, chupa hii ndogo ya soda ingekuwa lita tatu, na mtoto yeyote angemcheka. Shuleni walifundishwa. Siku hizo yeye alikuwa ziwani.

"Sijui," alikiri.

"Fungua mfuko. Chini. Kuna bomba ya sindano."

Alilikuta limefungwa kwenye kitambaa, bila sindano, bomba la plastiki la mili kumi ambalo Kezia alilitumia kuwanywesha mbuzi dawa ya minyoo. Alikuwa ametoka nalo moja kwa moja zizini.

"Mimi sikusoma," Kezia alisema, na maneno yalikuwa yanatoka kwa taabu sasa. "Lakini dawa ya minyoo nanunua chupa ya lita moja. Lita moja, imeandikwa. Kila mbuzi anakunywa mili tano. Nusu ya hiyo bomba. Na hiyo chupa inamaliza... inamaliza mbuzi mia mbili. Haijawahi kubaki. Haijawahi kupungua."

"Mbuzi mia mbili," Jacktone alirudia.

"Za kwangu na za shemeji. Hesabu. Mimi nimechoka."

Kichwa chake kiliinama upande. Jacktone alimwita, hakuitika. Aliweka kiganja mbele ya pua yake. Pumzi ilikuwapo, nyembamba. Alitaka kumimina tu ile pakiti ndani ya chochote na kumnywesha, lakini ilikuwa ya mwisho, na ya kwanza alikuwa ameiharibu kwa haraka yake mwenyewe.

Akajilazimisha kuketi. Mbuzi mmoja, nusu bomba. Mbuzi wawili, bomba moja. Alitamka kwa sauti, kwa maana hapakuwa na wa kumcheka isipokuwa minandi. Mbuzi mia mbili ni bomba mia moja. Bomba mia moja, kila moja mili kumi. Elfu. Lita ni mili elfu moja. Akarudia tena kutoka mwanzo, akapata elfu tena. Na chupa ya soda ni mia tatu, ambayo ni mbuzi sitini. Chupa tatu ni mbuzi mia moja themanini. Wanabaki ishirini, na mbuzi ishirini hunywa bomba kumi.

Chupa tatu na bomba kumi. Si zaidi, si pungufu.

Aliusugua mkebe wa kasuku kwa mchanga wa kwenye nyufa, akausuuza kwa maji ya mvua kidogo, akijilaumu kwa kila tone. Katika ile nailoni maji yalikuwa yamepungua. Usiku walikuwa wameyanywa, na jua lilikuwa linakunywa pia. Alichota kwa chupa, akaijaza hadi pale soda hufika, akamwaga kasukuni. Moja. Mbili. Upepo ukainua ncha ya nailoni, na kwa mara ya kwanza tangu wavunjikiwe na boti, Jacktone alipiga yowe. Alijitupa kifudifudi juu ya ukingo, akaulalia. Maji yalitikisika, yakamwagika kiasi, yakatulia. Alilala hapo mpaka upepo ulipopungua, kisha akajaza ya tatu. Akachukua bomba, akafyonza na kumwaga, akihesabu mbuzi wawiliwawili mpaka ishirini. Ndani ya nailoni kulibaki maji ya kulowesha ulimi tu.

Akafungua pakiti, akamimina, akakoroga kwa mpini wa bomba. Akaonja. Yalikuwa na chumvi kama machozi, si zaidi.

Sasa ilibidi amtazame. Huwezi kumnywesha mtu kwa bomba huku umegeukia ziwa. Aliinua kichwa cha mama mkwe wake, akakilaza kwenye paja lake, jambo ambalo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kulifanya, akamtia ncha ya bomba pembeni ya mdomo. Nusu bomba. Akangoja. Koo likasogea. Nusu nyingine. Hakumwaga kwa pupa, kwa maana pupa ndiyo iliyomtapisha jana. Alimnywesha kama anavyonyweshwa mwanambuzi aliyeachwa na mama yake, kidogo, angoje, kidogo tena. Jua lilipita juu ya kichwa chake na kumchoma mgongo. Kezia alitapika mara moja, kidogo, naye Jacktone akasubiri, akaanza upya. Hakuwa na habari na njaa yake. Midomo yake mwenyewe ilipasuka, na kasuku lilikuwa hapo mbele yake, na hakuonja tena.

Alasiri Kezia alifungua macho. Alimwona mkwe wake usoni, wazi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi. Jacktone alitaka kugeuka.

"Acha," Kezia alisema. "Umepima?"

"Chupa tatu na bomba kumi, Mama."

Alifumba macho, midomo ikisogea. Alikuwa anahesabu. Baada ya muda akatikisa kichwa kukubali, akafungua mdomo apewe nyingine.

*

Sauti ya injini ilikuja jua likiwa limeshuka. Walikuwa wavuvi wawili wa Mfangano, Otieno na nduguye. Jacktone alisimama akipunga shati, akicheka na kulia. Alidhani Nashon yumo. Alitafuta ile rangi ya njano ndani ya boti lao na kuiona, jerikeni lilikuwapo. Kisha akaona turubai iliyofunika kitu kirefu kando yake, akaacha kupunga shati.

"Tulimkuta anaelea," Otieno alisema, akikwepa kumtazama. "Jaketi lilikuwa limemshika. Alikuwa amechafuka, pole ndugu yangu. Naona alishikwa na tumbo akiwa majini. Tukasema upepo umetoka huku, boti lake lazima liko huku."

Kwa hiyo Nashon alifika. Hakufika akiwa hai, lakini alifika na kuita watu, kama alivyosema. Walimpakia Kezia kwa uangalifu. Jacktone aliketi chini ya boti, kichwa cha mama mkwe wake kikiwa pajani upande mmoja na miguu ya Nashon upande wa pili, akaendelea kutoa nusu bomba baada ya nusu bomba mpaka kasuku likaisha na taa za ufuoni zikaonekana.

Kwenye kituo cha afya walimtundikia Kezia maji ya mshipa. Daktari aliuliza amenyweshwa nini; Jacktone akaeleza. Daktari alisema kama maji hayo yangekuwa makali kama ya jana yake, wasingekuwa wanaongea.

Kabla ya mazishi, Jacktone alipanda boti la watu hadi Sori akiwa na lile bomba mfukoni. Aliingia katika duka lile, akaomba kizibo, akakijaza maji kwa bomba mbele ya mwenye duka. Mili tano. Cha kwao Mfangano alikuwa ameshakipima: mili ishirini. Injini ilitakiwa kupata mili mia nne, naye aliipa mia moja. Mwenye duka alianza kujitetea, lakini Jacktone alimwambia hana neno naye. Siku ile aliomba vizibo ishirini, na alipewa ishirini.

Walimzika Nashon nyumbani kwao, mlimani, pale ziwa linapoonekana lote. Watu walikuwa wengi. Wazee walikuwa wameshasikia habari za jiweni, na Jacktone aliwaona wakinong'ona, wakitaja mama mkwe, wakitaja chira. Chakula kilipopakuliwa, alienda kuketi peke yake nyuma ya ghala, kwa sababu hakuwa na uso wa kukaa na mama yake Nashon.

Hapo ndipo Kezia alipotokea. Alikuwa bado anatembea kwa fimbo, Caren akimfuata nyuma na mtoto, akimsihi apumzike. Mkononi alibeba sahani moja ya ugali na samaki. Alipita mbele ya wazee wale wote, akaja hadi ghalani, akaketi chini, uso kwa uso na mkwe wake, akaiweka sahani katikati yao. Wazee wakageuka kutazama.

"Mama, watu wanaona," Jacktone alisema.

"Waone. Mtoto anaosha mama yake, hiyo si mwiko popote. Kwa hivyo wewe ni mtoto yangu, si mkwe." Alimega ugali. "Ule kijana alikula na mimi kwa sababu wewe ulikatazwa. Sasa amelala pale. Kula."

Caren alimmiminia Jacktone maji, naye akanawa mikono, akala.